7.5 HP na 7.5 kW: mota ipi itasukuma kisiagi chetu?

"Habari ya kazi, mhandisi. Mume wangu na mimi tunataka kufungua kisiagi huku Kayole. Fundi wa Kariobangi anayetuundia mashine amesema inataka mota ya 10 HP. Tulipozunguka madukani tulipata mota mbili: moja imeandikwa 7.5 HP, nyingine 7.5 kW, na hii ya pili ni ghali zaidi. Muuzaji wa ile ya bei nafuu anasema saba nukta tano ni saba nukta tano, herufi ni mbwembwe za kiwanda. Shemeji yangu naye anataka tununue jenereta ya 10 kVA ya kutumia stima ikipotea, kwa sababu kVA 10 ni kW 10, inatosha na kubaki. Jirani mwenye karakana ya kuchomelea anasema mota ya 7.5 kW itatukulia uniti saba na nusu kwa siku. Nilifika kidato cha nne lakini fizikia imenitoka yote. Naomba unieleze hesabu hizi polepole, maana pesa ni za chama."

Dada yangu, kabla ya maelezo yoyote: usiwekee arubuni ile mota ya 7.5 HP. Fundi wako wa Kariobangi amekuambia 10 HP, na mota ya 10 HP katika maduka ya Nairobi ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa 7.5 kW. Ile ya bei nafuu ni ndogo yake kwa robo nzima. Bei zinatofautiana kwa sababu mota zenyewe zinatofautiana: moja ina shaba na chuma kingi kuliko mwenzake.

Sasa tuone kwa nini. Nguvu, kwa maana ya mafundi, ni kasi ya kufanya kazi. Wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Kilowati ni wati 1,000. Nguvu ya farasi, ndiyo hiyo HP, ile ya kimetriki ilipatikana kwa kukadiria mzigo: ukiinua kilo 75 kwenda juu mita moja ndani ya sekunde moja, umetoa nguvu ya farasi mmoja. Ardhi huvuta kila kilo kwa nyutoni 9.80665, kwa hiyo 75 mara 9.80665 ni wati 735.5. Huko ndiko nambari hiyo ilikotoka. Wapagazi wa Muthurwa wanaopakia magunia ya kilo 90 kwenye lori wanaijua kazi hii kwa migongo yao. Mtu akiinua gunia hilo mita moja kwa sekunde moja, kwa sekunde hiyo ametoa wati 883, yaani farasi mmoja na kidogo. Ila hawezi kuendelea hivyo hata dakika moja, na mota inaendelea mchana kutwa.

Kuna farasi wa pili, wa Kiingereza, aliyepimwa kwa futi na ratili. Huyo ni wati 745.7. Ukiona PS, au ch ya Wafaransa, ujue ni yule wa kimetriki. Ukiona HP tu, anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili. Hilo lisikusumbue. Tofauti yao ni wati kumi hivi, haifiki asilimia moja na nusu, na kinu chako hakitaitambua. Magari yetu mengi yanatoka Japani, ndiyo maana karatasi zake huandika PS: Probox yenye injini ya lita 1.5 iliyoandikwa PS 109 ni gari la kilowati 80, hakuna kilichoongezeka wala kupungua.

Ukiwa dukani bila simu, fanya hivi. Kutoka HP kwenda kW, gawanya kwa nne kisha zidisha kwa tatu. Kutoka kW kwenda HP, gawanya kwa tatu kisha zidisha kwa nne. Kumi gawanya kwa nne ni 2.5, mara tatu ni 7.5. Hesabu kamili ni kuzidisha HP kwa 0.7355, lakini mota hazitengenezwi kwa kila ukubwa unaoweza kuufikiria. Viwanda hufuata ngazi: 2.2, 3, 4, 5.5, 7.5, 11, 15 na kuendelea, zote kilowati. Kwa hiyo 10 HP, ambayo kwa hesabu kamili ni 7.36, inaangukia ngazi ya 7.5 kW. Na 7.5 HP inaangukia 5.5 kW. Mtego uliowekewa ni huu: katika ngazi hiyo tarakimu za 7.5 zinaonekana mara mbili, mara moja kwa farasi na mara moja kwa kilowati, na ni mota mbili tofauti. Angalia kibati cha ile ya bei nafuu. Sitashangaa ukikuta 5.5 kW imepigwa mhuri kwa herufi ndogo pembeni.

Wengine watakuambia chukua tu ile ndogo, itasaga polepole. Mota ya aina hii haijui kupunguza mwendo kwa adabu. Kinu kikijaa mahindi, kinaidai nguvu kinayoitaka, nayo hujaribu kuitoa kwa kuvuta ampea nyingi kuliko zile ilizosukwa kuzibeba. Joto la nyaya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukipanda kwa theluthi moja, joto linakaribia kuwa maradufu. Ukiwa na bahati, relei ya kukinga mota itakata kila baada ya dakika chache, nawe utaona ni usumbufu. Mtu atakuja "kukusaidia" kwa kuipandisha relei hiyo ili isikate. Wiki chache baadaye utasikia harufu ya vanishi iliyoungua, na utalipia kusukwa upya kwa mota uliyoinunua kwa sababu ya bei yake.

Kinyume chake hakina hatari. Mota kubwa kwenye kinu kidogo hutoa nguvu inayoombwa tu. Ile 7.5 kW kwenye kibati ni kiwango cha juu inachoweza kutoa kwa kuendelea bila kuungua. Kinu kikizunguka kitupu, mota hutumia sehemu ndogo ya hiyo.

Tuje kwa shemeji na jenereta yake, na hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu kosa lake linafanana na la muuzaji lakini si lile lile. Kugeuza HP kuwa kW ni kuzidisha tu, kwani ni majina mawili ya kitu kimoja. kVA na kW hazigeuzwi hivyo. Kabla ya kulinganisha nambari mbili za nguvu, uliza kila moja imepimwa wapi. Ile 7.5 kW ya mota imepimwa kwenye shafti, pale unapofunga puli. Ni nguvu inayotoka. Inayoingia kwenye nyaya ni zaidi, kwa sababu sehemu hupotea kama joto, msuguano na kelele. Mota nzuri ya ukubwa huo hurudisha kama asilimia 88 ya inachopewa, kwa hiyo ili itoe 7.5 lazima ipewe 7.5 gawanya kwa 0.88, yaani kilowati 8.5. Huo ndio mzigo mita yako itakaouona.

Bado hatujafika kwa kVA. Mota ina koili, na koili huhitaji mkondo wa kujenga sumaku. Mkondo huo huenda na kurudi kati ya mota na chanzo cha stima bila kusaga hata punje moja, lakini unapita kwenye nyaya na kwenye jenereta, na unachukua nafasi. kVA ni volti mara ampea zote, za kazi na za sumaku pamoja. Kwenye kibati cha mota utaona cos φ, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli, mara nyingi 0.85 hivi kwa ukubwa huu. Gawanya 8.5 kwa 0.85, unapata kVA 10. Kwa stima yetu ya fezi tatu (nyaya tatu za moto badala ya mmoja) ya volti 415, hiyo ni kama ampea 14 kwa kila fezi.

Shemeji ataruka: si ndiyo hiyo, kVA 10 kwa kVA 10! Ngoja kwanza. Jenereta nyingi za fezi tatu hupimwa kwa cos φ ya 0.8, maana yake ile ya kVA 10 ina injini ya kutoa kilowati 8 tu. Mota inataka 8.5. Tayari imepungukiwa, na bado hatujawasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache za mwanzo huvuta mara sita hivi ya mkondo wake wa kawaida, takriban ampea 84, wakati jenereta hiyo imeundwa kutoa 14. Itazima, au itanguruma volti zikishuka huku mota imekataa kuzunguka. Stata ya nyota na delta, kifaa cha kuwasha mota kwa hatua mbili, hupunguza mkondo huo hadi theluthi, ampea 28, ambao bado ni mara mbili ya uwezo wake. Kwa kinu hiki nisingefikiria jenereta iliyo chini ya kVA 20, tena na stata hiyo, tena baada ya mtu kuipima.

Halafu kuna kimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kayole chini kidogo ya hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo. Makadirio ya mafundi ni kupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Injini ya dizeli ya 12 HP, ambayo kibati chake husema 8.8 kW, hapa kwetu itakupa kama farasi kumi na kidogo. Kibati hakidanganyi, ila kilipimwa mahali pengine. Mota ya stima haipotezi nguvu kwa njia hiyo, ingawa zile za kawaida zimeidhinishwa kufanya kazi bila kupata joto la kupita kiasi hadi kimo cha mita 1,000, kwa hiyo huku juu hewa huipoza kwa uvivu kidogo. Usiifungie ndani ya sanduku la mbao kuzuia vumbi la unga, kama nilivyoona watu wakifanya.

Jirani wa karakana amechanganya kitu kingine kabisa. Kilowati ni kasi ya kutumia stima. Uniti unayonunua kwa tokeni ni kilowati-saa, yaani kiasi kilichotumika. Ni kama matatu ya Thika: kilomita 80 kwa saa hazikuambii imetembea umbali gani hadi ujue imekimbia kwa saa ngapi. Tofauti ni kwamba kwa mwendo wa gari tunasema kilomita kwa saa, kwa hiyo watu husema pia "kilowati kwa saa" na kuandika kW/h. Kwa stima muda umekwisha kuingia ndani ya wati yenyewe, kwani ni jouli kwa sekunde. Kupata uniti unazidisha kilowati kwa saa. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, au jouli milioni 3.6 ukitaka jina lake rasmi.

Kwa hiyo kinu kikisaga kwa nguvu zake zote, kinakula uniti 8.5 kwa saa. Uniti saba na nusu za jirani zingeisha kabla ya saa ya kwanza kukamilika. Ukisaga kwa saa nne za nguvu kamili kwa siku, hizo ni uniti 34. Lakini usifanye bajeti ya chama kwa makadirio yangu. Siku ya majaribio, soma mita, saga gunia moja la kilo 90, soma tena. Zidisha uniti zilizotumika kwa bei ya uniti moja, ambayo utaipata kwa kugawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa kwenye tokeni yako ya mwisho. Gunia hilo lina kama gorogoro 45 za kilo mbili mbili. Gawanya, na utajua kila gorogoro inakutoka shilingi ngapi za stima kabla ya kodi na mshahara wa kijana wa kusaga. Hiyo ni nambari bora kuliko yoyote utakayopewa na muuzaji.

Ukitaka kuona wati kwa macho, angalia taa nyekundu inayomulika kwenye mita ya nyumbani. Kando yake pameandikwa, kwa mfano, 1000 imp/kWh: miale 1,000 kwa kila uniti. Zima vitu vyote, washa birika la stima peke yake, hesabu miale kwa dakika moja na uzidishe kwa 60. Ukipata miale 33, birika lako ni la wati 2,000 hivi. Mita yako ikiwa na nambari nyingine, kwa mfano 800, gawanya jibu kwa 800 kisha zidisha kwa 1,000.

Herufi nazo zina uzito wake. m ndogo ni mili, sehemu moja ya elfu. M kubwa ni mega, milioni. Kati ya 5 mW na 5 MW kuna tofauti ya mara bilioni moja: ya kwanza ni kalamu ya leza, ya pili ingetosha mtaa. Ile mitambo ya upepo unayoiona juu ya vilima vya Ngong ni 30 ya kilowati 850 kila mmoja. Zidisha, sogeza nukta hatua tatu, unapata megawati 25.5. Kule karibu na Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, kuna 365 ya ukubwa huo huo, ndiyo megawati 310 zinazotajwa kwenye habari. Hesabu ni ile ile ya mota yako, sufuri ndizo zimeongezeka.

Sasa njia zenu. Ya kwanza ni mota ya 7.5 kW kwenye stima ya fezi tatu, na ndiyo ningeichagua. Ya pili ni kumwomba fundi wa Kariobangi awaundie kinu kidogo cha kulingana na mota ya 5.5 kW. Hilo si jambo la aibu, hasa kama hamjui mtapata wateja wangapi. Kinu kidogo chenye mota yake halali ni bora kuliko kikubwa chenye mota inayoungua. Ya tatu ni injini ya dizeli inayofungwa mkanda moja kwa moja kwenye kinu. Inafaa kijijini. Kayole, chini ya nyumba za kupanga, moshi na kelele vitawagombanisha na mwenye nyumba kabla ya mwezi kuisha.

Jenereta ningeiacha kabisa kwa sasa. Unachoma dizeli kuzungusha jenereta, jenereta inafanya stima, stima inazungusha mota, na kila hatua inakata ushuru wake. Kwa masaa machache ya stima kupotea, bei ya jenereta ya kVA 20 hairudi haraka. Weka pesa hizo kwenye stata nzuri na relei iliyopangwa kwa ampea za kibati.

Kuna jambo hukuliuliza nami lazima niliguse: je, duka mnalokodisha lina fezi tatu? Vyumba vingi vya biashara mitaani vina fezi moja. Mota ya 7.5 kW kwa fezi moja ya volti 240 ingevuta zaidi ya ampea 40 ikiwa imetulia, mbali na za kuwashia, na taa za jengo zima zingefifia kila unapoiwasha. Muuzaji akikuambia kuna kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu, ni kweli kipo, lakini ampea bado zinatoka kwenye ule waya mmoja. Ombi la fezi tatu kwa Kenya Power huchukua muda, na mwenye jengo lazima akubali. Lianzeni kabla ya kulipia mashine.

Hapo ndipo mazungumzo ya maandishi yanafika mwisho wake. Siwezi kupima kebo yenu nikiwa huku. Tafuteni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, mwombeni awaonyeshe leseni yenyewe, aje akague ukubwa wa kebo, swichi kuu na waya wa ardhini. Vumbi la unga na chuma kinachozunguka havitaki waya wa ardhini wa kubahatisha. Mashine ikishafungwa, arudi na ile mita ya kubana waya apime ampea za kila fezi kinu kikiwa kimejaa. Zisizidi zile za kibati, na fezi zote tatu zikaribiane. Mkisikia mota inanguruma bila kuzunguka, mkanuse harufu ya kuungua, au mkashtuliwa na stima hata kidogo mkigusa mwili wa mashine, zimeni kwenye swichi kuu na msiwashe tena hadi aje.

Mkirudi dukani, piga picha ya kibati kizima cha mota kabla ya kulipa. Angalia kW, kisha V. Kwa stata ya nyota na delta, alama ya pembetatu, Δ, inapaswa kuwa kando ya volti 400 au 415. Ikiwa pembetatu iko kando ya 220 au 230, mota hiyo haitawashwa kwa stata hiyo kwenye stima yetu ya fezi tatu, hata kama kilowati zake ni sahihi. Angalia pia mizunguko kwa dakika, kama ni 1,450 au 2,900 hivi, umpigie fundi wa Kariobangi umsomee, kwa sababu puli atakayokuwekea inategemea hiyo.